Oili ya Pikipiki: Na Yasomwe Maandishi ya Chupa

Mtu asimamaye alfajiri kando ya barabara ya Namanga, mjini Kitengela, ataona pikipiki zikipita makundi kwa makundi. Nyingine zimepakia watu waendao kazini katika viwanda vya Athi River. Nyingine zimefungwa madumu ya maziwa yatokayo mabomani. Nyingine zimebeba saruji, mabati, magunia ya vitunguu, au mbuzi wawili waliofungwa miguu, wanaopelekwa mnadani. Kusini zaidi, Isinya, Kajiado na Ilbissil, hali ni ile ile, ila huko safari ni ndefu na njia nyingi ni za vumbi. Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT katika pikipiki ndogo, chombo hiki kimekuwa miguu ya raia: karani hukiendea kazini, mkulima hukipelekea mazao sokoni, na vijana wengi hupata riziki yao ya kila siku juu yake.

Pikipiki nyingi katika hizo zimenunuliwa kwa mkopo, nao mkopo hulipwa kila siku au kila juma. Siku injini isimamapo, deni halisimami. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha ya kuwa mtu yule yule apimaye petroli kwa uangalifu, na kubishana juu ya bei ya tairi mpaka jua lichwe, akifika dukani husema tu, "Nipe oili," akapokea chochote apewacho, mradi kiwe rahisi. Mwenye duka naye humpimia kutoka pipani oili ya lori, au humpa chupa ya oili ya motokaa. Pikipiki huwaka, huenda, wala haisemi neno siku hiyo. Hasara huja baadaye, tena huja na sura nyingine, hata mwenye chombo asijue ilikotoka.

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza kujua tofauti iliyopo kati ya motokaa na pikipiki. Katika motokaa nyingi zenye gia za mkono, injini ina oili yake, gia zina oili yake mbali, na klachi hukaa pakavu, haiguswi na oili hata kidogo. Pikipiki za kazi zionekanazo Kitengela na Kajiado, kama vile Boxer, TVS na Honda, hazikuundwa hivyo. Humo, injini, gia na klachi vimewekwa katika nyumba moja, navyo hutumia oili moja, tena kidogo, kiasi cha lita moja au kuzidi kidogo. Sahani za klachi zimezama katika oili ile ile ipakayo pistoni na kuta za silinda.

Basi oili ya pikipiki imepewa kazi mbili zipinganazo. Kwa pistoni na ringi zake, yatakiwa iwe utelezi, ili chuma kisisuguane na chuma. Kwa klachi, yatakiwa isiwe utelezi kupita kiasi, maana kazi ya klachi ni kushikana. Dereva aachiapo mkono wa klachi, sahani zile hubanwa pamoja na springi, zikazunguka kama kitu kimoja, na nguvu ya injini ikafika gurudumuni. Zikiteleza, nguvu hupotea njiani na kugeuka kuwa joto.

Ugumu huu ulidhihirika katika miaka ya 1990. Waundaji wa motokaa walitaka magari yatumie petroli kidogo, nao watengenezaji wa oili wakaitikia kwa kutia ndani yake madawa ya kuongeza utelezi. Motokaa zilifaidika. Lakini pikipiki zilizotiwa oili hizo zilianza kuteleza klachi, wala kosa halikuwa la klachi. Wajapani, ambao ndio waundaji wakubwa wa pikipiki, waliweka kipimo chao wenyewe mwaka 1998, kiitwacho JASO T 903. Kwa kipimo hicho oili hujaribiwa pamoja na sahani za klachi, ili ionekane kama zashikana au zateleza. Iliyofaulu kushikana hupewa herufi MA. Iliyo na utelezi mwingi hupewa MB. Mwaka 2006 daraja ya MA iligawanywa mara mbili, MA1 na MA2, na MA2 ndiyo ishikanayo zaidi.

Herufi hizo mbili ndizo zenye faida kubwa kuliko maneno mengine yote yaliyo juu ya chupa. Picha ya pikipiki ya mashindano, rangi ya dhahabu, na sifa za kila namna ni mapambo ya mwenye kuuza. Mwenye pikipiki ya gia na aigeuze chupa, atafute nyuma yake neno JASO, na baada yake MA au MA2. Oili ya MB haina ubaya wa asili. Hiyo imetengenezwa kwa skuta zisizo na gia za mguu, ambazo klachi yake hukaa pakavu. Lakini mwenye Boxer akiitia MB ajiandae kununua sahani za klachi.

Dalili za klachi itelezayo si ngumu kuzitambua. Chombo kikipakiwa abiria wawili na mzigo, kikakabili mlima au upepo wa uwandani, injini hulia kwa sauti kubwa lakini mwendo hauongezeki. Dereva huzidisha petroli, kelele ikazidi, na baada ya muda husikika harufu ya kitu kinachoungua. Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kilometa 50 hivi, na Kajiado iko juu kuliko Kitengela. Mtu aliyepakia mzigo mzito katika safari hiyo huweza kuchoma sahani zilizokwisha kudhoofika asifike mwisho wake. Kisha hulaumiwa fundi aliyeifunga klachi mwezi uliopita, au huambiwa ya kuwa vipuri vya siku hizi havina maisha. Fundi hutia sahani mpya, oili ile ile ya pipani ikarudishwa ndani, na baada ya miezi michache mambo huwa vile vile.

Na ihesabiwe hasara ya mtu huyo. Amenunua sahani, amelipa ujira wa fundi, amepoteza siku moja au mbili za kazi, na kabla ya hayo yote amekuwa akichoma petroli ya bure kwa majuma mengi, kwa sababu nguvu aliyoilipia haikufika gurudumuni. Tofauti ya bei kati ya oili ya pipani na chupa nzuri ya MA haizidi ujira wa safari chache za mjini.

Wako watakaosema ya kuwa wametumia oili ya lori miaka mingi wala hawajaona dhara. Si vema kuwaita waongo. Oili za dizeli hazifanani zote. Nyingine hazina yale madawa ya utelezi, na ziko chache zilizopimwa hata zikapewa alama ya MA na watengenezaji wake. Lakini mtu anunuaye kwa kipimo kutoka pipani hawezi kusoma herufi yoyote. Hajui kama ni ile aliyoambiwa, wala kama imechanganywa na oili kuukuu iliyochujwa kwa kitambaa. Anacheza kamari na injini, nayo injini ndiyo chombo chake cha kazi.

Oili za motokaa za kisasa zina hatari nyingine iliyo dhahiri. Katika chupa nyingi pana muhuri wa duara wa chama cha mafuta cha Marekani, kiitwacho API. Ikiwa sehemu ya chini ya duara hilo imeandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving", maana yake ni kwamba oili imetengenezwa ili kupunguza matumizi ya petroli, na aghalabu ina madawa yale yale ya utelezi. Hiyo na ibaki katika motokaa. Vivyo hivyo oili nyepesi sana za 0W-20 na 5W-30, ambazo karani mwenye gari dogo huzinunua kwa haki, zisihamishiwe katika pikipiki ya mdogo wake kwa sababu tu chupa imebakiwa na nusu.

Sasa zile namba. Oili nyingi huandikwa namba mbili, kama 20W-50, 15W-40, 10W-40 au 10W-30. Namba ya kwanza yaeleza jinsi oili itiririkavyo ikiwa baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo itiririkavyo upesi. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Yawahusu zaidi watu wa Ulaya, ambao injini zao hulala katika theluji. Namba ya pili yaeleza uzito wa oili injini ikiisha kupata moto, nao hupimwa katika joto la digrii 100. Kadiri namba hiyo ilivyo kubwa, ndivyo utando wa oili ubakivyo mzito kati ya vyuma vilivyo moto.

Katika nyanda za Kajiado, asubuhi za Julai zina baridi ya kumfanya mzee ajitande shuka mbili, lakini si baridi ya kuigandisha 20W. Joto la mchana na mzigo ndivyo vitakavyoijaribu oili. Injini hizi ndogo hupozwa na upepo tu, hazina maji. Zikienda polepole katika mchanga, zimepakia watu wawili, upepo hupungua wakati joto linapozidi. Ndiyo sababu 20W-50 imependwa sana katika nchi zetu, na pikipiki nyingi za Boxer zimeandikiwa hiyo na waundaji wake. Lakini si sheria kwa pikipiki zote. Honda nyingi za siku hizi zimeandikiwa 10W-30, kwa kuwa nafasi zilizo kati ya vyuma vyake ni nyembamba, nazo zataka oili ipenyayo upesi. Wazo lililoenea kwa mafundi wengi, kwamba oili nzito hulinda zaidi siku zote, si sahihi. Oili iliyo nzito kupita kipimo huchelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha, na dakika ile ya kwanza ya asubuhi ndiyo isuguayo vyuma kuliko mwendo mrefu wa mchana.

Jibu limo katika kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki, ambacho wengi hukitupa pamoja na karatasi za kufungia. Aliyekipoteza na aende kwa wakala auzaye pikipiki za namna ile, aulize namba yake, aiandike mahali isipofutika. Wengine huiandika kwa rangi chini ya kiti, na hilo ni jambo la akili, maana chombo kikiajiriwa kwa dereva mwingine, namba huenda nacho.

Kuhusu herufi nyingine za API, msomaji na akumbuke ya kuwa zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili husonga mbele kwa alfabeti kadiri oili ilivyo ya kisasa: SJ, SL, SM, SN, na tangu mwaka 2020, SP. Kitabu kikisema SL, oili ya SN yafaa pia, ila MA iwepo. Ama oili iliyoandikiwa misumeno ya moto na injini nyingine zichanganyazo oili na petroli, hiyo si ya pikipiki hizi kabisa.

Huulizwa pia kama oili za bei kubwa, zile zilizotengenezwa kwa ufundi wa kemia, ni bora kuliko za kawaida. Ni bora, hustahimili joto zaidi na huchelewa kuharibika, wala si kweli kwamba huteleza klachi, ikiwa zina alama ya MA. Lakini kwa mtu wa bodaboda, oili ya kawaida yenye herufi na namba sahihi, ibadilishwayo kwa wakati, ina faida kuliko ya thamani kubwa iachwayo ndani miezi mitano kwa sababu iligharimu fedha nyingi. Madawa ya kuongeza katika injini, yauzwayo kwa vichupa vidogo, yaachwe; mengi yake ni utelezi ule ule uliokwisha kusemwa.

Huu wakati wa kubadilisha ndio unaowashinda wengi. Mtu aendaye kilometa 100 kwa siku, yaani Kitengela hadi Kajiado na kurudi mara moja, humaliza kilometa 2,000 kwa siku 20 tu. Karani atumiaye pikipiki yake kwenda ofisini na kurudi, kilometa 6 kwa siku, atatumia karibu mwaka mzima kufika hapo. Kwa hiyo kusema "nabadilisha kila mwezi" au "kila miezi mitatu" si kipimo. Kipimo ni saa ya kilometa iliyo mbele ya dereva, na ikiwa imekufa, ni vema itengenezwe kabla ya kununua redio. Vitabu vingi hutoa kipimo cha njia nzuri, na kingine kifupi zaidi cha njia za vumbi, mizigo na mwendo wa kusimama-simama. Na mtu wa njia za Mashuuru asijidanganye ya kuwa yuko katika daraja la kwanza. Pikipiki mpya nayo yataka oili yake ya kwanza imwagwe mapema, aghalabu kati ya kilometa 500 na 1,000, kwa kuwa vyuma vipya hutoa unga mwembamba vinapozoeana.

Vumbi lina njia yake ya kuingia. Halipiti katika mdomo wa oili. Hupita katika chujio la hewa lililochakaa, likavutwa na injini, likachanganyika na oili ukutani mwa silinda, likawa kama msasa. Mtu anunuaye oili nzuri huku chujio lake limetoboka ajua kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Wakati wa kiangazi, magari makubwa yapitapo Kitengela na vumbi kutanda, chujio na litazamwe kila juma.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pikipiki isimamishwe wima mahali pa sawa, oili ipimwe kwa kijiti chake au itazamwe katika kioo kilicho ubavuni. Kuhusu kijiti, kitabu hueleza kama kikazwe au kiegemezwe tu, na tofauti hiyo ndogo huwapotosha wengi. Katika chombo chenye lita moja tu, kupungua kwa robo ni jambo kubwa. Oili iliyobaki huzunguka mara nyingi zaidi na kupata moto zaidi. Kuzidisha nako si kuzuri, hutia mzigo katika injini na kuvujisha mihuri.

Rangi huwadanganya watu. Oili ikiwa nyeusi si lazima iwe imekufa; aghalabu imekuwa nyeusi kwa sababu yafanya kazi yake ya kuosha masizi, na ile ibakiayo safi muda mrefu huenda haioshi kitu. Ya kuogopwa ni oili iliyogeuka kuwa kama maziwa ya chai, maana hiyo imeingiwa na maji, na hutokea mara nyingi baada ya kuvuka vijito wakati wa masika. Imwagwe siku ile ile. Tena moshi wa buluu kutoka katika bomba waonyesha ya kuwa oili yaungua ndani. Hapo ringi au mihuri imechoka, na oili nzito zaidi itaficha ugonjwa kwa muda, haitauponya.

Yabaki neno juu ya oili za bandia. Chupa yenye jina kubwa hukusanywa tupu, hujazwa oili kuukuu iliyosafishwa kwa macho tu, ikafungwa tena. Mnunuzi na aangalie kizibo: pete yake yapasa ikatike wakati wa kufungua, siyo kabla. Karatasi iwe imebandikwa sawasawa, na namba ya kutengenezewa isomeke. Bei iliyo chini sana kuliko ya vituo vya petroli si bahati. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ina namba chini yake, na ukweli wa namba hiyo waweza kuulizwa kwa kutuma ujumbe wa simu kwenda 20023. Aliye na duka analoliamini na alishike hilo hilo, adai na risiti.

Oili iliyomwagwa isitupwe chini. Katika nchi ambayo ng'ombe hunywa mabwawa yajazwayo na mvua, mafuta yaliyomwagwa kando ya gereji huchukuliwa na maji ya kwanza ya masika na kupelekwa huko huko. Wala haifai kuoshea mikono au kupaka ngozi, kwani oili iliyotumika ina sumu idhuruyo ngozi kwa muda mrefu. Ikusanywe katika dumu lenye kizibo na kupelekwa kwenye gereji kubwa zinazoipokea. Chupa tupu nayo, kabla ya kuitupa, itobolewe kwa msumari chini yake, mara mbili au tatu, isipate mtu wa kuijaza tena.